Kenge na Kamba ya Deni

Pimbi hakujaliwa mkia, lakini ubishi alipewa wa kumwaga. Alikopa kwa Kenge, mdai asiye na haya, akanunua mashine ya kahawa: unatumbukiza sarafu, kikombe kinajaa. Ndani yake akapanga vikombe vya kaure, akangoja wateja.

Wanyama wakapita tu. Tangu wazaliwe waliijua kahawa kwa masikio: muuzaji hupita akigonga vikombe, nao hutoka. Mashine ilikaa kimya kama kaburi. Nani angetoka?

Siku ya kulipa ilipofika, Kenge alikuja na kamba.

"Dawa ya deni ni kulipa, we Pimbi. Umeshindwa, naondoka na mashine."

"Ondoka nayo," Pimbi alijibu, akaparamia juu ya mashine na kuikumbatia kwa miguu yote minne. "Lakini mimi sishuki."

Kenge akaifunga mashine kwa kamba, akavuta kwa hasira. Njia ilikuwa ya mawe, na kila alipovuta, vikombe viligongana ndani: kli, kli, kli! Milango ikafunguka.

"Kahawa hiyo!" alipiga kelele Ngiri, akaja mbio na sarafu yake, mtaa mzima ukimfuata.

Kenge akasimama, ulimi nje, anahema. Vikombe vikanyamaza. Waliokuwa bado mbali wakaanza kurudi majumbani.

Pimbi akamwinamia kutoka kule juu.

"Dawa ya deni ni kulipa, Mzee Kenge. Vuta basi!"

Kenge akazitazama sarafu mikononi mwa wateja, akaitazama kamba. Akavuta.