Makato ya Nungunungu

Nungunungu alikuwa kibarua wa Ngiri, mbali na mkewe na mtoto aliyemwacha mchanga. Siku ya malipo Ngiri alimwonyesha rundo la mihogo.

“Rundo lote hili ni mshahara ghafi.” Akavuta kando mihogo ya malazi na ya maji. “Haya ni makato. Kinachobaki ndicho chako.”

Kilikuwa kidogo. Nungunungu, aliyetamani hata harufu ya pango lake, akaomba saa za ziada badala ya likizo, msimu baada ya msimu, mpaka mzigo ukajaa.

Alipofika kwake, mtoto alisimamisha miiba mlangoni.

“Laza miiba, mwanangu, huyo ni baba yako,” mama alisema.

“Baba yuko kwa Ngiri.”

Nungunungu akatua mzigo. Makato hayo Ngiri hakuyataja.