Mshika Bendera

"Mia nne thelathini na tano," alisema Anselmo Baca, wala hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya maharage.

Ukumbi mzima wa kanisa ukamgeukia. Mchungaji alikuwa ameuliza kwa kuchangamsha watu tu: Marekani ina wawakilishi wangapi bungeni? Watu wazima arobaini, wazaliwa wa jimbo la Maine, walikuwa wakibahatisha kuanzia hamsini hadi elfu mbili na kucheka. Hata Clyde Pelkey alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Verna, mkewe Clyde, akaweka uma chini.

"Umemsikia?" alimnong'oneza shoga yake Dot. "Nani aliyezaliwa hapa akayajua hayo?"

"Mimi hata wa kwetu simjui jina."

"Ndiyo nakwambia! Wanaojua ni wale wanaokariri wapate uraia. Huyu mtu anatuchezea, shoga."

Baca alikuwa amehamia nyumba ya pili kutoka kwao tangu majira ya baridi. Alisema ni mwalimu mstaafu na kwao ni jimbo la New Mexico, humuhumu Marekani. Verna alimtazama, akalipima na jina lake, akaona huyu si wa hapa. Halafu kulikuwa na mengine. Wimbo wa taifa alikuwa akiuimba beti zote nne, wakati wengine waliishia ubeti wa kwanza. Bendera yake aliishusha kila jua likizama, akaikunja pembetatu kama mtu anayekunja nguo ya mtoto mchanga. Bendera ya Clyde ilikaa nje mwaka mzima, mvua na theluji, mpaka ikachanika pembe, kama za majirani wengine wote.

Pengine angemwacha na mambo yake. Lakini Mei ilipoingia, Clyde alikunja gazeti akasema, "Mwaka huu bendera ya gwaride aishike Baca."

Verna alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka thelathini na moja Clyde ndiye aliyetangulia mbele ya gwaride la uhuru, tarehe nne Julai, kutoka kiwanda cha karatasi hadi darajani. Wanawe walikua wakimfuata nyuma. Picha zake zilijaa ukutani, ngazi nzima.

"Una nini wewe?"

"Goti."

"Goti gani? Juzi si ulikuwa juu ya paa!"

Clyde akatazama dirishani. "Basi tu, Verna. Apewe mtu anayestahili."

"Anayestahili! Mtu ambaye hatujui ametokea wapi? Mji huu hauna Mmarekani kukuzidi wewe, bwana. Hata mto huo huvuki!"

Na kweli hakuvuka. Wenzake wakienda kuvua samaki ng'ambo ya daraja, upande wa Kanada, yeye alibaki ukingoni na ndoana yake. Samaki wa upande huu wananitosha, alikuwa akisema. Uchaguzi ukifika, watu wakienda kupiga kura, alibaki kitini. "Wote wezi hao."

Verna akaanza kuchunguza. Kila Jumanne alasiri Clyde alikwenda kwa Baca kucheza karata.

"Leo kashinda nani?"

"Sare."

Karata gani za sare kila wiki? Jumanne moja akajifanya anapeleka bakuli la keki kwa jirani, akapita karibu na dirisha la Baca. Mezani hapakuwa na karata hata moja. Baca alikuwa akiongea, kidole juu, na Clyde ameinamisha kichwa, akiitikia kama mtoto anayekaripiwa. Verna akarudi na keki yake.

"Anamlisha maneno," alimwambia Dot kwa simu. "Ndivyo alivyomnyang'anya bendera. Nikipata ushahidi, naupeleka kwenye kamati ya gwaride, na hapa mjini hatakaa."

Wiki ya pili ya Juni, Clyde aliomba apigiwe pasi suti yake nyeusi.

"Kuna nini?"

"Mazishi."

"Ya nani?"

"Mtu wa zamani, wa kiwandani. Humjui."

Asubuhi Clyde aliondoka mapema, hata kahawa hakumaliza. Verna alikuwa bado anaosha kikombe alipomwona Baca akitoka kwake, amevaa tai, bahasha kubwa kwapani. Hakuwa amemwona na tai hata kanisani. Akavuta ufunguo wa gari.

Alimfuata kwa muda wa saa mbili mpaka mji wa Bangor, magari mawili nyuma. Baca akaegesha mbele ya mahakama, akaingia. Mlangoni palibandikwa karatasi: Leo, Kiapo cha Uraia.

Verna nusura apige makofi. Akajipenyeza safu ya nyuma kabisa, nyuma ya mwanamke mwenye kofia pana, akatoa simu, akaiwasha kamera. Baca alikuwa safu nne mbele yake, amekaa wima, bahasha mapajani.

Karani akaeleza kwamba atataja nchi, akianza na za mbali, na kila aliyetoka huko asimame apate kuapa.

"Ufilipino." Wakasimama wawili.

"Somalia." Familia nzima, mama akijifuta machozi.

"Meksiko."

Verna akainua simu. Wakasimama wasichana watatu na mzee mmoja. Baca hakujitikisa.

Verna akakunja uso. Baca alikuwa amefungua bahasha, akatoa bendera iliyokunjwa pembetatu, na alikuwa akitabasamu kuelekea mbele, kama mwalimu siku ya matokeo.

"Na ya mwisho," karani akasema, "Kanada."

Alisimama mtu mmoja tu, safu ya kwanza, mkono wa kulia tayari uko juu. Suti yake nyeusi haikuwa na kunyanzi hata moja. Verna aliijua pasi ya mkono wake.