Hodi za Wageni

Wivu ulimchoma Profesa kama mwiba wa samaki. Mbele yake mdogo wake wa kike, ambaye Profesa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa anapigiwa makofi na meneja.

Kompyuta yao kubwa ilibeba ndani yake kompyuta pepe arobaini, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu. Hizo waliziita wageni, na ile kubwa yenyewe mwenyeji. Kila mgeni mwenye ujumbe alibisha hodi, maelfu ya hodi kila sekunde, mpaka mwenyeji akakosa nafasi ya kufanya kazi. Profesa alihangaika nazo miaka miwili. Mdogo wake alizimaliza kwa siku tatu: mwenyeji akiwa macho, wageni wapange ujumbe foleni kimyakimya; akienda kulala, ndipo waruhusiwe kubisha.

Feni za kompyuta zilizokuwa zikinguruma zilitulia.

"Huyu mtoto ni moto!" meneja alisema. "Kesho tunaingiza simu za kuita magari ya wagonjwa."

Profesa aliinama kusoma programu, akagota kwenye mstari wa tisini. Mwenyeji alikuwa analala bila kuchungulia foleni mara ya mwisho. Ujumbe ukiingia dakika ileile ya kusinzia, mgeni hatabisha, maana bado amekatazwa; mwenyeji hataamka, maana hakuna aliyebisha. Watangojeana mpaka kiama.

"Kaka, mwalimu wangu ni wewe," mdogo wake alisema, macho yakimng'aa. "Umeona kosa popote?"

"Hakuna," alijibu Profesa, kidole chake kikiwa kimeufunika mstari wa tisini.