Wosia wa Duara

Walikuwepo nyati walioachiwa wosia mmoja na bibi yao: simba akija, simameni duara, pembe nje, ndama ndani. Wosia huo uliwalinda miaka nenda miaka rudi.

Siku moja mzee Pembekuu akatangaza, "Bibi aliingia duarani akitanguliza mguu wa kulia. Anayetanguliza wa kushoto hamjui Bibi." Wa kushoto wakahamia ng'ambo ya kijito wakafanya duara lao. Huko nako wakabishana kama macho yafumbwe au la, wakagawanyika tena.

Sikitu, mama wa ndama mmoja, alizunguka kote akiwasihi. "Jamani, si Bibi ni yuleyule?"

"Ni yuleyule," walimjibu kila alikokwenda, "ila wale wenzetu hawamjui."

Simba alipokuja, maduara yalikuwa kumi, kila moja la nyati watatu, yote mapengo matupu. Sikitu alikimbilia lililo karibu. "Mzee, mpokee mtoto tu! Mimi niacheni nje!"

Pembekuu akauliza, "Anatanguliza mguu gani?"

Ndama hakuwahi kujibu.

Jioni nyati wote walikuja kumlilia. Walisimama kuzunguka mifupa yake, duara moja kubwa lisilo na pengo, na Sikitu akadhani angalau msiba umewapatanisha. Ndipo Pembekuu akakohoa.

"Kabla hatujaanza kulia, ndugu zangu, tukubaliane kwanza. Marehemu alikuwa wa upande gani?"

Nyuma yao nyasi zikatikisika. Sikitu aliziona, na hakuwa na nguvu tena ya kuwaambia.