Mifuko Sita ya Udongo

Yule binti alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba la chini. Alikuwa akichomeka bomba la chuma ardhini na kulichomoa polepole, kama muuguzi anayetoa mtu damu.

"Unatafuta nini huko?" Algot alimpigia kelele kutoka uani.

"Udongo tu, mzee!" Binti aliinuka akijipangusa magoti. Jina lake Ylva, mwanafunzi wa jiografia, na barua yake ya kuomba ruhusa ilikuwa imefika tangu Juni. "Tunapima afya ya ardhi ya mkoa wote wa Småland. Nikipata mifuko sita, naondoka."

"Mashamba ninayo manne. Kwa nini hilo?"

"Liko karibu na kijito."

Jibu hilo halikumpendeza Algot hata kidogo. Pembeni mwa kijito hicho, zamani sana, marehemu baba yake alifukia mapipa ya dawa ya wadudu. Siri hiyo sasa ilikuwa imebaki kifuani mwake peke yake. Au ndivyo alivyodhani. Nani amemtuma huyu? Sixten, bila shaka, jirani aliyelimezea mate shamba hilo miaka nenda miaka rudi. Sumu ikionekana, shamba litafungwa. Na Jonte, mwana wa Algot, aliyeacha kazi mjini akarudi na mkewe kulima, atalima wapi?

"Unaandika nini hapo?"

"Rangi ya udongo, mzee."

"Rangi! Udongo ni mweusi tangu enzi za Adamu. Hilo nalo linasomewa chuo kikuu?"

Ylva alicheka. Algot hakucheka. Alimtazama akipanga mifuko ndani ya kreti nyuma ya gari lake, kisha sauti yake ikalainika ghafla.

"Njoo ndani unywe kahawa. Mkwe wangu ameoka mikate ya mdalasini."

Tuva, mke wa Jonte, alikuwa na mimba ya miezi saba na hamu kubwa ya mtu wa kuzungumza naye. Alimkalisha mgeni mezani, akammiminia kahawa, akamwuliza habari za chuo chake huko Lund. Algot aliaga kwamba anakwenda kutazama ng'ombe.

Kwenye kreti alikuta mifuko mitano. Wa sita hakuuona, na hakuwa na muda wa kuutafuta. Aliibeba hadi nyuma ya zizi, akaimwaga yote, kisha akaenda kwenye bustani ya marehemu mkewe.

Kama kulikuwa na udongo safi Uswidi nzima, ni huo. Kwa miaka thelathini Gunvor hakuutia dawa hata tone. Alitia samadi, majani makavu, na ule mchanga mweusi laini aliouzoa kwa toroli nyuma ya kiwanda cha kioo kilipofungwa. Familia nzima ilikula kutoka hapo. Algot aliijaza mifuko mitano, akaifunga vilevile ilivyokuwa imefungwa, akanawa mikono kwenye pipa la mvua.

"Mifuko yako imetimia?" alimwuliza Ylva alipokuwa akiwasha gari.

"Imetimia, mzee. Asante kwa kahawa."

Wiki zilizofuata hakuwa na raha. Sixten akimsalimia kwa tabasamu, yeye anauliza, "Unacheka nini?" Gari geni likipita barabarani, anasimama dirishani mpaka lipotee.

Barua ilikuja Jumamosi moja ya Oktoba. Aliisomea palepale kwenye baraza, miwani imemning'inia puani.

"Mzee Algot, kuna jambo limetushangaza. Mfuko mmoja niliusahau kwenye koti langu siku ile. Udongo wake ni safi kabisa, hauna sumu ya aina yoyote. Lakini ile mitano iliyokuwa ndani ya gari imejaa madini ya risasi na arseniki, kwa kiasi ambacho hatujawahi kukipima shambani, ila kwenye taka za viwanda vya kioo. Jumatatu nitakuja tuchimbe upya. Kwa sasa nakusihi, popote palipo na udongo huo, mtu asile kilichoota hapo, hasa mama mjamzito."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, na harufu ya supu ikatoka.

"Baba!" Tuva aliita, mkono mmoja tumboni. "Hebu niongezee karoti kutoka bustani ya Mama. Huyu mtoto hashibi!"