Sura ya Sokoni

Katika Bonde la Majoka, mchezo wa kompyuta ambamo nusu ya mtaa hupata riziki, muuzaji lazima aonje bidhaa yake kwanza mbele ya mnunuzi. Ukikunja uso, umeula wa chuya.

Mashavu aliuza maini ya joka. Alikaa sebuleni kwake na kofia ya mchezo kichwani, akawinda, akachinja, akapanga maini mezani sokoni. Kofia, iliyoleta harufu na ladha zote za mchezo, haikuwa na huruma. Uvundo ulimjaa puani, utelezi ukamganda ulimini kama kamasi ya mtu mwingine. Akameza, akatabasamu.

"Tamu, baba, karibu," alimwambia mnunuzi. Yakanunuliwa yote. Watu walioshiba, aliwaza, hata uozo huwa anasa kwao.

Alipovua kofia alipakua wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichokitolea jasho. Binti yake Kibibi hakugusa sahani. Alikuwa amekua akimtazama mama akiuza, na hakula kitu kabla mama hajaonja.

Mashavu akatia tonge kinywani. Ladha ya ini la joka, ingawa kofia alishaivua. Akatafuna samaki bila wali. Ini lile lile, na kamasi yake. Akameza, akatabasamu.

"Tamu, mwanangu, karibu."

Kibibi alimchungulia usoni, kisha akaisukuma sahani polepole.

"Mama, hiyo ni sura ya sokoni."

Mashavu akajaribu kutabasamu vingine. Hakuwa na tabasamu jingine.