Bibi Harusi Asiyeenea

"Akae," mpiga picha akasema, akimsukumia mke wangu kiti. "Akisimama haenei."

Tulikuwa tumetoka kufunga ndoa muda ule ule. Studio yenyewe ni chumba kimoja, na mgongo wa mpiga picha ulikuwa umeshagota ukutani. Pa kurudi nyuma hapakuwapo tena.

Mke wangu ni mrefu. Sisemi urefu wa kusifiwa. Huyu huinama kila mlangoni, na mtaani wanamwita Mlingoti. Mimi namfikia kwapani, na hapo pananitosha. Siku nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza, shangazi yangu alinivuta kando akaninong'oneza: "Baba, mtu hujikuna ajipatapo."

Sasa shangazi huyo huyo alikuwa amesimama mlangoni. "Kaa, mwanangu. Mumeo asije akaonekana mtoto."

Mke wangu akaanza kukunja magoti. Alikunja kwa mazoea, shingo ikitangulia, kama alivyojikunja maisha yake yote.

Nikakivuta kile kiti, nikakipeleka mpaka mlangoni. "Shangazi, karibu kiti."

Mke wangu akanitazama. Kisha akajinyoosha, pingili moja baada ya nyingine, mpaka shela ikagusa balbu na vivuli vyetu vikayumba ukutani.

"Shauri yako!" mpiga picha akafoka. "Kichwa chako kitabaki nje ya picha!"

Mke wangu akaniwekea mkono begani.

"Kichwa changu ninacho," akamjibu. "Picha yako ndiyo fupi. Piga."